Sklerozi si ugonjwa wa wazungu, wala si kosa la mama

Chukua mfano wa familia moja kati ya nyingi zilizotawanyika kutoka Kivu. Simu inatoka Bruxelles, Lyon au Montréal. Binti wa miaka 24, aliyezaliwa huko kwa wazazi wa Bukavu, ameamka asubuhi jicho moja halioni vizuri. Wiki chache baadaye mguu umekufa ganzi. Hospitali imepiga picha ya ubongo na uti wa mgongo, kisha imetamka jina ambalo shangazi zake wa Kadutu hawajawahi kulisikia: sclérose en plaques. Jibu la kwanza kutoka nyumbani ni kwamba huo ni ugonjwa wa wazungu, daktari amekosea. Jibu la pili ni ulozi, kuna mtu amemwonea wivu. La tatu ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu linamwangukia mtu aliye karibu: mama alikula nini alipokuwa na mimba hiyo? Alimeza dawa gani? Kwa nini hakurudi kujifungulia nyumbani?

Majibu hayo yote matatu yanapaswa kukataliwa. Lakini la tatu linahitaji uangalifu, kwa sababu linakaribiana na jambo ambalo wanasayansi wenyewe wanalisema. Kwa zaidi ya miaka 50 watafiti wamekuwa wakionyesha kwamba hatari ya ugonjwa huu huanza kujengeka mapema sana: pengine tumboni, na kwa uhakika zaidi katika utoto na ujana, miaka mingi kabla ya jicho kufifia. Mtu akisikia hivyo kwa haraka, anaweza kudhani sayansi imemhukumu mama. Haikumhukumu.

Kwanza, ugonjwa wenyewe. Mishipa ya fahamu ndani ya ubongo na uti wa mgongo ni kama waya za umeme, na kila waya ina ganda la mafuta linaloitwa miyelini. Kwa mtu mwenye sklerozi, kinga ya mwili, ile inayopaswa kupigana na vijidudu, inageuka na kushambulia ganda hilo. Panaposhambuliwa panabaki kovu, na ujumbe kati ya ubongo na mwili unachelewa au unakatika. Kovu likiwa kwenye mshipa wa jicho, mtu haoni vizuri. Likiwa kwenye uti wa mgongo, miguu inalegea au mkojo haushikiki. Jean-Martin Charcot, daktari wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, ndiye aliyeueleza na kuupa sura yake mwaka 1868. Mwaka 2020 walihesabiwa watu wapatao milioni 2.8 wanaoishi nao duniani. Wengi hugunduliwa kati ya miaka 20 na 40, na wanawake ni mara mbili au zaidi ya wanaume. Hauambukizwi kwa mkono wala kwa chakula, wala hauendi kwa mtoto moja kwa moja kama rangi ya macho.

Kilichowafanya wengi waseme ni wa wazungu ni ramani yake. Katika nchi nyingi za kaskazini ya Ulaya wagonjwa wanazidi 100 kwa kila wakaaji 100,000. Katika nchi nyingi za Afrika kusini ya Sahara, wanaohesabiwa hawafiki 10. Sehemu ya tofauti hiyo ni ya hesabu tu: pasipo mashine ya IRM na daktari wa ubongo, mgonjwa hahesabiwi, anaitwa mlemavu na habari inaishia hapo. Lakini tofauti haiishi yote kwa maelezo hayo. Swali ni kama inatoka kwenye damu ya watu au kwenye mahali wanapokulia.

Jibu limetoka kwa watu waliohama. Daktari Geoffrey Dean alifanya kazi miaka mingi Afrika Kusini, nchi ya jua, iliyopokea wahamiaji wengi kutoka Uingereza. Aliona kwamba waliofika wakiwa watu wazima walikuja na hatari ya Ulaya ndani yao. Mwaka 1971, pamoja na Mmarekani John Kurtzke, alitangaza jambo lililowashangaza wengi: waliofika wakiwa watoto, kabla ya miaka 15, walikuwa na hatari ndogo zaidi, iliyokaribia ile ya weupe waliozaliwa Afrika Kusini. Ni watu wa ukoo ule ule, pengine ndugu wa tumbo moja, waliotofautiana kwa umri waliokuwa nao walipopanda meli.

Safari ya kinyume inawahusu Wakongo moja kwa moja. Mwaka 1990 Dean na wenzake walitoa matokeo ya utafiti juu ya watoto waliozaliwa Uingereza kwa wazazi waliotoka Afrika, visiwa vya Karibi na bara Hindi. Wazazi walikuwa wameugua kwa nadra sana. Watoto wao waliozaliwa huko walikaribia hatari ya Waingereza wenzao. Kizazi kimoja kilitosha. Baadaye, katika visiwa vya Martinique na Guadeloupe, madaktari waliona ugonjwa unaongezeka, na walipochunguza waliona kwamba waliokuwa wameishi Ufaransa kisha wakarudi kisiwani walikuwa katika hatari kubwa zaidi, hasa wale waliokwenda Ufaransa kabla ya kutimiza miaka 15.

Umri wa miaka 15 usichukuliwe kama mlango unaofungwa kwa kufuli. Utafiti wa wahamiaji nchini Australia haukuona mpaka huo, na unaelekea kuonyesha kwamba mahali huendelea kuathiri hata baada ya utoto. Hata hivyo neno "ugonjwa wa wazungu" limekwisha kukosa msingi. Ngozi haikubadilika kati ya baba aliyezaliwa Kingston na binti aliyezaliwa Birmingham.

Sasa mahali pana nini ndani yake? Hapa ndipo hadithi inarudi karibu na nyumbani, hadi Kampala. Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akipasua wagonjwa katika hospitali ya Mulago, alianza kuandika juu ya uvimbe wa ajabu unaovimbisha taya za watoto. Mwaka 1961 alitoa mhadhara London, na ndani ya chumba alikuwemo mtafiti wa virusi, Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Uganda, na mwaka 1964 Epstein pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong waliona ndani yake virusi ambavyo hakuna aliyevijua. Vinaitwa Epstein-Barr hadi leo. Mtoto wa Afrika Mashariki ndiye aliyeufungulia ulimwengu mlango huo, ingawa jina lake halikuingia kwenye vitabu.

Virusi hivyo vimo ndani ya watu wazima karibu wote duniani, kama 95 kwa 100. Vinapita kwa mate. Katika vijiji na mitaa ya Kongo na Uganda, mtoto huvipata mapema sana, mara nyingi kabla ya miaka 3: kikombe kimoja, kijiko kimoja, chakula ambacho bibi amekilainisha kwanza mdomoni mwake. Hapati homa ya kutajwa, au anapata ya siku mbili inayodhaniwa kuwa malaria. Katika nchi tajiri watoto wengi hufika ujana bila kukutana navyo, kisha huvipata wakiwa na miaka 15 au 20, na hapo mwili unapigana kwa nguvu: homa, koo, tezi za shingo kuvimba, uchovu wa wiki nyingi. Wafaransa huuita ugonjwa wa kubusiana. Waliopata homa hiyo ya ujana wana hatari ya sklerozi inayofika kama mara mbili ya wengine.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka mwezi wa kwanza mwaka 2022. Jeshi la Marekani huchukua damu ya askari wake kila baada ya muda kwa ajili ya kipimo cha UKIMWI, na masalio huhifadhiwa. Watafiti wa Harvard walipitia kumbukumbu za vijana zaidi ya milioni 10 na kuwakuta 955 waliogunduliwa na sklerozi wakiwa jeshini. Kati ya 801 waliokuwa na damu ya kutosha kupimwa, ni mmoja tu ambaye hakuonekana kuwa na virusi vya Epstein-Barr kabla ya ugonjwa kuanza. Kwa askari aliyeingia bila virusi kisha akaambukizwa, hatari ilipanda mara 32. Hakuna virusi vingine vilivyofanana na hivyo.

Mzazi wa Goma asije akajipongeza kwamba vumbi na kikombe cha pamoja vimemkinga mwanawe. Kuvipata virusi hivyo mapema, katika mwili unaopigwa na malaria mara kwa mara, ndiko kunakofungua njia ya uvimbe ule ule wa taya ambao Burkitt aliuona, na ambao bado unawaua watoto mashariki mwa Kongo. Upande mmoja wa dunia unalipa kwa namna moja, upande mwingine kwa namna nyingine. Na kwa kuwa karibu kila mtu ana virusi hivi huku wagonjwa wa sklerozi wakiwa wachache sana, ni wazi kwamba virusi peke yake havitoshi.

Kitu cha pili ambacho mahali hubeba ni jua. Ngozi ikipigwa na jua hutengeneza vitamini D, na vitamini hiyo husaidia kuituliza kinga ya mwili isikosee adui. Kaskazini, wakati wa baridi, jua ni dogo hata mwili hautengenezi kitu kwa miezi. Ngozi nyeusi, iliyoumbwa kwa ajili ya jua kali, huhitaji muda mrefu zaidi ili kutengeneza kiasi kile kile. Mwanamke wa Uvira anayeishi Sheffield, anayetoka kazini gizani na kurudi gizani, amevaa koti hadi shingoni, anaweza kubeba mimba nzima akiwa na vitamini D kidogo kuliko alivyowahi kuwa nayo maishani.

Ni hapa ndipo tumbo linapoingia. Mwaka 2005 watafiti walikusanya tarehe za kuzaliwa za wagonjwa 42,045 wa Kanada, Uingereza, Denmark na Sweden. Waliozaliwa mwezi wa tano walikuwa wengi kidogo kuliko ilivyotarajiwa, na wa mwezi wa kumi na moja walikuwa wachache kidogo. Mtoto wa mwezi wa tano amekaa tumboni kipindi chote cha baridi, wa mwezi wa kumi na moja amepita na kiangazi. Tofauti ni ndogo, na wengine wamepinga, wakisema hata watoto wenye afya hawazaliwi kwa usawa miezi yote. Finland ilikwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 1983 nchi hiyo huhifadhi damu ya wanawake wajawazito, na mwaka 2016 ilitumika kutafuta akina mama ambao watoto wao waliugua walipokua. Wale waliokuwa na upungufu mkubwa wa vitamini D mwanzoni mwa mimba, hatari ya watoto wao ilikaribia mara mbili. Mwaka uliofuata Denmark ilipima matone ya damu yaliyochukuliwa kwenye kisigino cha watoto wachanga na kukausha kwenye karatasi, na matokeo yakaelekea upande huo huo. Sweden ilikuwa imefanya kipimo kinachofanana miaka michache kabla, na haikuona uhusiano wowote.

Kwa hiyo kwa upande wa tumbo, sayansi inaelekeza kidole lakini mkono bado unatetemeka. Sigara ya mama wakati wa mimba, kuzaliwa kwa kupasuliwa, uzito wa kuzaliwa, yote yamechunguzwa na majibu yanagongana. Kunyonyesha kwa miezi kadhaa kumeonekana katika tafiti kadhaa kuambatana na hatari ndogo zaidi, na kwa kuwa maziwa ya mama yana faida nyingine nyingi, hakuna haja ya kusubiri uhakika.

Hata ile "mara mbili" ya Finland inatakiwa kupigiwa hesabu mbele ya familia kabla haijageuzwa fimbo. Ikichukuliwa kwamba katika nchi ya kaskazini watu 3 kati ya 1,000 watapata sklerozi maishani, mara mbili yake ni 6. Watoto 994 wa akina mama hao hao wenye upungufu hawataugua. Mapacha wa yai moja wanaonyesha jambo hilo hilo kwa njia nyingine: wana damu ile ile, walikaa tumbo moja, walikula alichokula mama mmoja, na mmoja akiugua, yule mwingine huugua mara moja tu kati ya nne. Ingekuwa kila kitu kinaamuliwa katika mimba, wangeugua wote wawili. Shangazi anayemuuliza mama alikula nini mwaka ule hana jibu la kupata, na swali lake linaacha jeraha ambalo IRM haionyeshi.

Kuna lawama nyingine, ya mbele, inayowaangukia wasichana wenyewe: asiolewe, asizae, atazaa wagonjwa. Mtoto wa mzazi mwenye sklerozi ana uwezekano wa kama 2 kwa 100 wa kuupata, 98 hawataupata. Na mimba yenyewe haimharibu mama. Utafiti uliofuata wanawake 254 katika nchi 12 za Ulaya, uliotangazwa mwaka 1998, uliona mashambulizi yanapungua sana katika miezi 3 ya mwisho ya mimba, kisha yanaongezeka katika miezi 3 baada ya kujifungua, halafu yanarudi kama yalivyokuwa. Kinachotakiwa ni kupanga na daktari mapema, kwa sababu baadhi ya dawa za ugonjwa huu hazipatani na mimba. Familia inayovunja uchumba kwa sababu ya hofu hiyo inafanya dhuluma.

Wazazi walioko nje wana nguvu zaidi katika miaka inayofuata kuliko katika miezi 9 ya mwanzo, na juu ya miaka hiyo wanazungumza kidogo. Wauguzi wa Marekani waliofuatiliwa kwa miongo mingi walionyesha kwamba waliokuwa na unene wa kupita kiasi wakiwa na miaka 18 walipata sklerozi kama mara mbili ya wenye uzito wa kawaida. Tumbaku nayo inaongeza hatari, pamoja na moshi wa mtu mwingine anayevuta ndani ya nyumba. Mambo hayo mawili yanagusa maisha ya kila siku ya familia iliyohamia kwenye orofa ya saba: mtoto hatembei tena kilomita mbili kwenda shule, soda ni rahisi kuliko matunda, na baba anavutia sigara kwenye dirisha la jikoni kwa kuwa nje ni baridi. Kule nyumbani unene wa mtoto bado unasifiwa kama dalili ya neema. Katika mji wa ugenini, sifa hiyo inaweza kumgharimu.

Kwa mimba yenyewe ushauri ni mwepesi na wa bei ndogo. Uingereza inawashauri wajawazito wote kumeza mikrogramu 10 za vitamini D kila siku, na inawataja watu wenye asili ya Afrika kwamba wanaweza kuihitaji mwaka mzima. Ufaransa ina desturi ya kumpa mjamzito dozi moja kubwa kuelekea mwezi wa saba. Wamama wengi wa Kivu huikataa kwa kudhani ni dawa ya majaribio, au kwa kuwa mama zao hawakuitumia. Mama zao walikuwa na jua la Ruzizi. Vitamini hiyo inakinga mifupa ya mtoto hata kama siku moja itaonekana haina kazi katika sklerozi, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha kuimeza, kwa kipimo alichotoa mkunga. Kuzidisha ni hatari, hujaza chokaa kwenye damu na kuumiza figo.

Nyumbani, hatari kubwa ya leo ni kutoutambua. Mashariki mwa Kongo yako magonjwa mengine yanayoshika miguu. Konzo, inayotokana na sumu ya muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, haiko Kwango peke yake. Madaktari waliitangaza pia Burhinyi, katika Kivu Kusini, kwenye familia ambazo vita vilikuwa vimeziharibia mashamba na kuzibadilishia chakula. Konzo humpiga mtoto au mama mara moja, miguu yote miwili inakakamaa, kisha inabaki hivyo. Sklerozi, kwa wengi, huja na kuondoka: jicho leo, kisha linapona, mwaka unaofuata mkono, halafu miezi ya salama.

Tabia hiyo ya kuja na kuondoka ndiyo inayowadanganya watu kuliko kitu kingine chochote. Shambulio la kwanza mara nyingi hupungua lenyewe baada ya wiki chache. Ikiwa wiki hizo mgonjwa alikuwa katika chumba cha maombi, mchungaji atasifiwa. Ikiwa alikuwa kwa mganga wa mizizi, mizizi itasifiwa. Hakuna ubaya wowote katika kuomba. Ubaya ni kuacha kila kitu kingine kwa sababu macho yamerudi, huku ndani ya ubongo kovu la pili linaandaliwa. Dawa za sasa hazifuti makovu ya zamani, zinazuia mapya, kwa hiyo mwaka uliopotea haurudi. Wapo pia wazazi wanaomtoa binti hospitali ya Ulaya na kumpandisha ndege arudi kutibiwa kijinyumbani. Wanampeleka kutoka mahali penye IRM na dawa kwenda mahali ambapo mashine hiyo ni ya miji mikubwa tu na bei ya picha moja inazidi mshahara wa mwalimu. Upendo upo, lakini njia imegeuzwa.

Kijana yeyote ambaye jicho moja linafifia kwa siku kadhaa huku likiuma linapogeuka, au ambaye sehemu ya mwili inakufa ganzi kwa zaidi ya siku moja bila sababu, anastahili daktari wiki hiyo hiyo. Akiwa Goma au Bukavu, aombe kupelekwa kwa anayejua ubongo, na aeleze kama aliwahi kuishi nje na tangu umri gani. Jibu hilo moja linaweza kumbadilishia daktari mawazo.

Kuna upande wa serikali pia. Mwezi wa saba mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza kwa mara ya kwanza dawa za sklerozi katika orodha yake ya dawa za lazima: kladribini, glatirameri na rituksimabu. Hii ya tatu ni dawa ambayo hospitali kubwa hutumia pia kwa baadhi ya saratani za damu. Kisingizio kwamba ugonjwa huu hauna nafasi katika nchi maskini kimepungua nguvu. Kinshasa inaweza kuanza na hatua ndogo: kuziweka dawa hizo katika orodha ya nchi, na kuwafundisha madaktari wa hospitali kuu za mikoa kutofautisha kati ya konzo, maambukizi ya uti wa mgongo na sklerozi kwa macho na nyundo ya magoti, kabla hata ya mashine.

Hatua nyingine ni karatasi. Yote yaliyosemwa hapa juu yamejulikana kwa sababu kuna nchi zilizotunza kumbukumbu. Denmark inawaandika wagonjwa wake wa sklerozi tangu mwaka 1956. Finland ilitunza damu ya akina mama kabla haijajua itaulizwa nini. Katika Kivu, mjamzito huenda CPN, anapimwa uzito na damu, anaandikiwa fiche, kisha mtoto anapewa yake ya chanjo na kilo. Kazi imefanyika, wino umetumika. Halafu risasi zinalia, watu wanakimbia na magodoro, na fiche inabaki kwenye ukuta wa nyumba iliyoibiwa. Nakala ya kituo cha afya inachomwa pamoja na kituo. Mtoto huyo akija kuugua miaka 25 baadaye, akiwa Nyarugusu, Nakivale au Texas, daktari atamuuliza mama yake maswali ambayo karatasi ilikuwa imekwisha kuyajibu.

Maeneo ya afya yaliyokwisha kupata simu za kazi na intaneti yanaweza kupiga picha ya kila fiche na kuitunza mbali na uwanja wa vita. Na mama anayekimbia, kama ana nafasi ya kushika kitu kimoja zaidi baada ya mtoto na sufuria, ashike fiche hiyo, aifunge ndani ya sashe.